Nilivyoonja Sahani ya Maman Cibalonza

Nyinyi wapishi vijana wa nyumba za kando ya ziwa, ni nyinyi mlioniomba. Mlisema, "Papa Deo, sasa umepumzika, kaa chini utuachie kitu." Basi nimekaa. Nimenunua daftari la shule, mke wangu ananicheka kila ninapolifungua, lakini ninaandika. Habari za kupandishwa cheo hamtazipata humu. Jikoni kuna anayepika na kuna anayeosha masufuria, na mara nyingi ni mtu yuleyule. Mshahara nao tuuache. Huo una msemaji wake nyumbani kwangu, na anajua kuusema kwa sauti.

Ninataka kuwaambia habari ya kazi moja ambayo hakuna aliyenifundisha. Kwa miaka sita nilionja chakula cha mwanamke tajiri kabla yeye hajala. Nilifanya kazi hiyo vizuri mno, mpaka siku moja nikamtenganisha na mtu aliyempenda kuliko wote.

Nianzie mwanzo. Nilizaliwa kijiji cha Miti, nikaingia Bukavu nikiwa kijana mwenye masikio makubwa na njaa kubwa zaidi. Kazi ya kwanza niliipata katika nyumba ya mapadri. Mpishi wao alikuwa Papa Ntwali, mtu mfupi, mkali, aliyevuta tumbaku nje ya mlango na kuosha mikono mara tatu kabla ya kugusa unga. Siku ya kwanza alinipa kisu na ndoo ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, akasema, "Safisha." Nikasafisha mmoja mmoja, polepole, kama daktari anayepasua mgonjwa. Ilipofika saa nne na nusu nilikuwa nimemaliza bakuli moja. Papa Ntwali akatazama bakuli, akanitazama mimi.

"Mutoto wangu," akasema, "hawa mapadri banataka kula leo. Banakungoja, si Pasaka."

Yote ninayoyajua yalitoka kwake. Ukikosa jiwe, noa kisu kwenye kitako cha sahani ya udongo. Makala, yale makaa ya kupikia, yakilowa usiyawashe kwa mafuta ya taa, nyama itanuka mpaka Jumapili ijayo. Mayonezi usiipige ukiwa na hasira. Sababu sijaijua mpaka leo, lakini nilijaribu mara moja baada ya kugombana na mke wangu, ikakataa kabisa. Na kuhusu kuonja alikuwa na sheria moja: unaonja jikoni, ndani ya sufuria, kwa kijiko chako. Chakula kikishaingia kwenye sahani ya mtu, mkono wako hauna kazi pale tena. Sheria hiyo niliishika miaka mingi, halafu nikalipwa ili niivunje.

Mapadri walipopunguza watu, nilichukuliwa na Maman Cibalonza. Alikuwa mjane, na watoto wake wawili walikuwa Ubelgiji. Alianza na meza moja ya vitenge sokoni Nyawera, mwavuli uliotoboka na sauti iliyofika mpaka upande wa pili wa barabara. Nilipomkuta mimi, alikuwa na stesheni za mafuta, depo za simenti, nyumba za kupangisha, na nyumba yake mwenyewe kule Muhumba ambayo salon yake ya kupokelea wageni ingetosha kusomea misa. Siku ya kwanza niliingia nikitafuta mahali pa kuweka viatu vyangu. Alikuja mwenyewe jikoni, akakalia kigoda, akaniuliza:

"Papa Deo, unajua kupika maharagwe ya kwetu Walungu, ile ya na ndizi?"

"Ninajua, Maman."

"Ya kweli, ao ya mapadri?"

"Ya mapadri, Maman. Lakini naweza kutubu."

Alicheka mpaka akashika meza. Nikajiambia, hapa nitakaa. Kicheko kile nilikitafuta sana baadaye.

Katika mwaka wangu wa pili, mfanyabiashara mmoja mwenzake alianguka baada ya karamu na kufa. Daktari alisema ni moyo. Mji ulisema karuho, ile sumu ya kutiwa kwenye chakula ambayo sisi tunaiogopa kuliko radi. Mnajua desturi yetu: chupa inafunguliwa mbele ya mgeni, na yule anayekupa chakula anaonja kidogo yeye kwanza, ndipo unapokea kwa moyo mweupe. Ni mwenye nyumba anayefanya hivyo, na anafanya kwa heshima. Maman Cibalonza hakutosheka na hilo. Alinitaka nionje kila sahani yake mezani, hata ndani ya nyumba yake, nikiwa nimesimama kando ya kiti. Ninaonja, tunangoja dakika chache, kama sijaanguka ninasema, "Ni sawa, Maman, unaweza kula." Kijiko changu kilikaa kwenye mfuko wa shati. Suruali zangu zote zilinikataa mwaka uleule.

Akialikwa harusi, nilimfuata nyuma na mfuko wa termosi tatu. Hapa niwape somo: bugali ndani ya termosi hutoa jasho na kulegea, ifunge kwanza kwenye jani la ndizi. Lakini hakuna jani linalofunika macho ya mama wa bibi harusi anapoona mgeni wa heshima ametoa chakula chake mfukoni. Nilijifunza kutazama dari.

Mtaniambia, shida gani hiyo ya tajiri, tupeni hata sisi. Mimi pia nilisema hivyo miezi ya kwanza. Halafu nikaanza kusikia simu zake. Mtu anapiga, anaulizia afya, anaulizia watoto, anaulizia hata mbwa, na Maman ananionyesha vidole: tatu, mbili, moja. Kidole cha mwisho kikikunjwa, kweli, mtu anaingia kwenye shida yake. Hakukosea hata mara moja. Mwanzoni tulikuwa tunacheka, baadaye aliacha kuhesabu, akaweka tu simu mezani na kuiacha iongee peke yake.

Siku moja niliunguza wali. Uliungua kweli, nyumba nzima ilinuka moshi, na kulikuwa na wageni kumi na wawili mezani. Nilitaka kufa. Wageni wakala, wakasifu. Mmoja akasema hiyo ladha ya moshi aliikuta hoteli moja ya Ulaya. Mwingine akaomba mke wake aje kujifunza kwangu. Maman alikuwa ananitazama juu ya vichwa vyao, na hakucheka.

Walipoondoka alikuja jikoni. "Deo, umeona? Nikibapa makala, batasema ni tamu."

Alijaribu kurudi Nyawera kusalimia wenzake wa zamani. Wale wanawake waliokuwa wakimtania na kumwibia wateja walisimama wote, wakampangusia kiti, wakamwita Patronne, kama bosi wao. Hakuna aliyemtania. Alirudi na vitenge sita ambavyo hakuvihitaji, akakaa kwenye kigoda changu akitoa maharagwe kwenye maganda. Halafu akaniuliza, "Deo, kama mimi sina kitu, utanipikia?"

Nilifikiri nimdanganye. Mdomo ukakataa. "Hapana, Maman. Niko na watoto sita."

"Aksanti," akasema. "Leo kuna mutu moja amenijibu." Na aliendelea kutoa maharagwe akiwa ametulia kabisa.

Alibaki mtu mmoja tu duniani ambaye hakumwogopa, dada yake mkubwa, yaya Nsimire (kwetu yaya ni dada mkubwa), aliyekaa kijijini, mbele kidogo ya Walungu. Huko Maman alikuwa anaenda peke yake na shofere, bila termosi, bila mimi. Alikula huko mpaka akarudi amefungua vifungo. Yaya Nsimire hakuwahi kumwomba hata sindano.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Jumapili moja yaya Nsimire alimwita aje kula maharagwe mapya ya shamba. Siku hiyohiyo mchana tulikuwa na harusi upande uleule, kwa hiyo Maman alinichukua kwenye gari pamoja na termosi zangu. Tulipofika nikaingia kusalimia tu. Yaya Nsimire akafurahi, akanilazimisha kukaa, akaleta sahani inayofuka mvuke na kuiweka mbele ya mdogo wake. Na mkono wangu ukaenda wenyewe. Naapa kwenu, sikuutuma. Miaka mitano ya mazoea! Kijiko kikatoka mfukoni, kikachota, nikatafuna, nikarudi nyuma hatua moja na kusema kwa sauti yangu ya kila siku:

"Ni sawa, Maman, unaweza kula."

Hata hapo Maman angeweza kuniokoa, angenicheka, angenipiga kofi, ningelipokea kwa shukrani. Lakini naye alikuwa amekunja mikono juu ya mapaja, anazingoja dakika zetu chache kama kila siku. Alipogundua anachofanya, dada yake alikuwa amekwisha kukiona.

Yaya Nsimire hakupiga kelele. Alichukua sahani, akaenda nayo nje, akarudi mikono mitupu na kusimama mlangoni. "Muende ku harusi yenu," akasema. "Mutachelewa."

Njiani Maman alisema neno moja tu, "Deo." Nilitamani gari lipinduke, lakini kidogo tu, lisiumize mtu.

Kesho yake alituma gari lenye mchele, godoro na mabati. Gari likarudi na mchele, godoro na mabati, hata kamba za kufungia zilikuwa zimekunjwa vizuri. Akatuma mbuzi, mbuzi akarudi ameshiba. Akapiga simu, simu haikushikwa. Miezi ikapita, mwaka ukapita, na Maman akaacha kula. Nilipika kila kitu ninachokijua: sombe ya majani ya muhogo na ndagala, samaki wa kuchoma, ile sosi ya uyoga ambayo maaskofu waliiomba mara mbili. Alikuwa ananitazama ninaonja, tunangoja, halafu anasukuma sahani. "Kula tu yote, Deo." Yeye akakonda, mimi nikanenepa, na mara moja mlangoni mwa benki mlinzi mgeni alinifungulia mimi mlango wa gari na kumwacha yeye upande wa pili. Alitabasamu kidogo, nikashukuru Mungu hata kwa hilo.

Jioni moja, kabla taa hazijawashwa, alisema, "Niko na nyumba kumi na moja, Deo. Sina fasi ya kula."

Niliumia, ndugu zangu. Mpishi akisikia hivyo afadhali avue tabliye yake. Siku yangu ya mapumziko nilipanda basi mpaka Walungu, nikachukua moto, yaani pikipiki, mpaka kwa yaya Nsimire. Nilimkuta uani anapepeta maharagwe. Nikapiga magoti, na goti moja lilikuwa na rimatizi tayari.

"Simama," akasema. "Utachafua suruali ya tajiri."

"Maman Nsimire, kosa ni langu. Mkono wangu ulizoea."

"Na mukono ya mudogo yangu? Nayo ilizoea kungoja?"

Aliingia ndani, akatoka na sahani iliyojaa. "Kula," akasema. "Haiko kuonja. Kula." Nikala. Nikamaliza. Kisha, kwa sababu kazi ni kazi na chakula kilikuwa kitamu, nikauliza kama kuna kingine. Yaya Nsimire alijaribu kukaza uso akashindwa, akacheka kwa pua.

Akakaa karibu nami. "Mama yetu alikufa Cibalonza haiko na hata jino moja. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mbili. Viazi nilikuwa natafuna mu kinywa yangu, namutilia mu yake. Ndiyo leo mutu wa mushahara anamwambia kama anaweza kula kwangu?"

Nililia. Mtu mzima, mnene, nililia na sahani mkononi. Yaya Nsimire akasema, "Umwambie akuye. Bila ile gari. Bila mufuko. Bila kitu ku mikono. Akileta hata kiberiti moja, narudisha kiberiti na yeye."

Nilidhani Maman atarukaruka kwa furaha. Badala yake aliketi polepole. "Mikono mitupu? Naingia namna gani, Deo? Tangu nipate franga ya kwanza sijaingia kwake bila kitu."

"Ndivyo alivyosema, Maman."

"Kama sina kitu ku mikono, atanitaka ju ya nini?"

Miaka yote ile nilimwona akiogopa sumu. Siku hiyo nilimwona akiogopa zaidi. Mambo ya roho si kazi ya mpishi, lakini nilimjibu, "Tuende tukamuulize."

Tulipanda basi, Maman Cibalonza amebanwa kati yangu na mama mwenye kuku wawili. Basi liliposimama Mugogo, penye soko, wauzaji wakajaa madirishani na macho yake yakaanza kuzunguka.

"Mukate tu," akaninong'oneza.

"Hapana, Maman."

"Sukari, kilo moja. Wazee wanapenda sukari."

"Hapana."

"Sabuni basi! Sabuni haiko zawadi, ni usafi."

"Maman, hapana."

"Wewe ni mupishi yangu ao ni polisi?" Mama wa kuku akamuuliza huyu ni mume wake, mbona mkali hivyo. Maman akacheka, mara ya kwanza tangu siku ya sahani ile. Kwenye moto alipiga kelele kila shimo, mpaka dereva akadhani amebeba bibi harusi.

Alipofika uani hakujua mikono aiweke wapi. Alijaribu kuishika mbele, kisha akaificha nyuma kama mtoto aliyevunja kikombe. Yaya Nsimire alimtazama toka kichwani mpaka miguuni.

"Ona namna umekonda! Nani anakupikiaka?" Nikatazama mchanga. "Na hizi nywele, umezinunua? Shangazi alikufa, ukatuma bahasha. Bahasha inaliaka? Miezi mingapi, Cibalonza! Unatuma mbuzi, nimekuambia niko na kiu ya mbuzi?"

Aliendelea hivyo muda mrefu, na kwa Kimashi, lugha ya kwao, pia, kwa yale yaliyohitaji nguvu zaidi. Maman alisimama pale machozi yanamtoka na meno yote nje. "Endelea, yaya," akasema. "Endelea. Hakuna mutu ananigombezaka tena."

Hapo yaya Nsimire alimvuta, wakashikana, na mimi nikashughulika sana kumtafutia dereva wa moto chenji aliyokwisha kupewa.

Tulikaa kwenye mkeka sisi watatu na sahani moja kubwa katikati. Yaya Nsimire, kwa kuwa ni mwenye nyumba, alinyoosha mkono ili aonje kwanza kama desturi inavyotaka. Maman akaushika mkono ule hewani. "Acha, yaya." Akachota yeye, tonge kubwa la maharagwe na ndizi, akatia kinywani. Hakungoja kitu. Mimi nilikuwa nimebana mikono yangu kati ya magoti, siiamini.

Alitafuna macho yamefungwa. Kisha akakunja uso. Nikasema basi, leo tumekwisha.

"Chumvi iko kidogo," akasema.

Yaya Nsimire akaweka mikono kiunoni. "Iko kidogo? Jiko iko kule. Simama."

Mimi ndiye niliyeruka kwanza, mazoea tena, lakini yaya Nsimire alinivuta shati nikarudi chini kwa kishindo. Maman Cibalonza alisimama mwenyewe. Aliinama kwenye mlango ule mfupi, akapotea ndani ya moshi, tukasikia vikopo vinaanguka.

"Iko wapi?"

"Fasi inakuwaka siku zote!"

Kikaanguka kikopo kingine. Akatoka akikohoa, masizi kwenye paji la uso, chumvi imejaa kiganjani. Akainyunyiza yote juu ya sahani, kwa furaha, bila kipimo. Nikaonja. Mungu wangu!

"Maman," nikamwambia, "sasa umezidisha."

"Nyamaza, kula," wakanijibu wote wawili kwa pamoja.